Safu ya nne: shajara ya mafunzo ya upasuaji, Mombasa

Januari, wiki ya pili

Nimekabidhiwa meza, kiti kinachoyumba na daftari hili. Miaka ishirini na saba nimesimama thieta nikimpa mpasuaji koleo kabla hajaliomba. Sasa magoti yamekataa, nikaambiwa: Sista, njoo uratibu mafunzo. Kazi yenyewe ni kuhakikisha rejista sita, yaani madaktari wanaojifunza upasuaji hapa kwetu, wanasomeshwa, wanapangiwa zamu, wanaandika kesi zao, na wanafika kwenye mtihani wakiwa bado na akili zao. Kila robo mwaka nitume ripoti. Ripoti ina kichwa kimoja kikubwa, "Mafanikio", na chini yake kisanduku kidogo cha kujaza idadi.

Kwa atakayelirithi daftari, maelezo mafupi. Rejista wetu wako chini ya Chuo cha Wapasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, makao yake Arusha. Ni chuo kisicho na kumbi za mihadhara. Darasa ni hospitali iliyokaguliwa ikakubaliwa, na mwalimu ni mpasuaji yule yule anayehangaika na foleni ya kliniki. Miaka miwili ya misingi, mtihani. Mitatu ya fani, mtihani mwingine. Njia nyingine ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu, na kwa wengi wa huku Pwani hiyo maana yake ni kufunga virago kwenda Nairobi, karibu kilomita 480, kisha kuomba Mungu urudi.

Kila rejista ana logbuku yake mtandaoni, kumbukumbu ya kesi zake, nami nina hii ya karatasi kwa sababu mtandao wetu una hulka zake. Nimezipiga mstari safu tatu: alisaidia; alikata mwalimu akiwa amenawa, amesimama ng'ambo ya meza; alikata peke yake. Ukizisoma kwa miezi unamwona mtu akihama kutoka safu ya kwanza kwenda ya tatu. Hayo ndiyo mafunzo. Mengine ni makaratasi.

Baadhi yao wanapenda kujiita "residenti". Neno lina asili: hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore ilipofunguliwa 1889, William Halsted aliwaweka madaktari vijana waishi humo humo, mchana na usiku, wakiwa wakaazi kwelikweli. Halsted huyo huyo ndiye aliyeagiza glavu nyembamba za mpira kwa nesi wake wa thieta, Caroline Hampton, ambaye dawa ya kuulia vijidudu ilikuwa inamchubua mikono. Baadaye akamwoa. Nalisema kila mwaka, na nitalisema tena: glavu zilianza kwa ajili ya mikono ya nesi. Wapasuaji husahau.

Januari, wiki ya nne

Siku ya matumbo. Nimekwenda Marikiti saa moja asubuhi, nikamwambia muuza nyama nataka utumbo mwembamba wa mbuzi, usipasuliwe, usikatwe, uwe mrefu mmoja. Akaniuliza, "Bi, utapika nini hiyo?" Nikamwambia nawapikia madaktari. Akacheka, akaniongezea kipande.

Tuliuosha kwa chumvi na ndimu, tukautandaza kwenye sinia. Wale wawili wa mwaka wa pili wakaukata na kuuunga. Mwalimu alikuwa na neno moja tu asubuhi nzima: tabaka la kati. Utumbo una matabaka, na lililo na nguvu ya kushika uzi ni submukosa, lile jeupe lililojificha kati ya ngozi laini ya ndani na msuli wa nje. Sindano ikipita juu juu, imeshika msuli tu, na msuli huchanika kama mkate uliolowa. Ikishika lile jeupe, mkono unajua, kuna ukinzani kidogo. Nyuzi zikae milimita tano hivi kutoka moja hadi nyingine. Zikiwa mbali panavuja. Zikibanana zinanyima damu, panakufa, halafu panavuja vilevile.

Kisha jaribio. Nilikuja na juisi ya ukwaju, tukafunga upande mmoja na kuijaza kwa bomba la sindano upande wa pili. Utumbo wa kwanza ulitoa tone moja kahawia, la pili, kisha mfereji. Kijana akanyamaza. Wa pili ulijaa ukawa kama soseji, mkavu. Aliyeushona akataka kushangilia, mwalimu akamwambia, "Geuza." Upande wa chini, palipogusana na sinia, tone.

Wameshona mara nne kila mmoja. Chumba kilinuka hadi Alhamisi.

Februari

Kambi ya mabusha na ngiri upande wa Kwale, siku mbili. Hapa Pwani mabusha si jambo la kushangaza; minyoo ya matende huletwa na mbu, inaziba mishipa ya limfu, na mwanamume anabeba maji kwenye korodani miaka nenda miaka rudi. Wazee hawalitaji. Husema "mshipa", wakatazama kando.

Mzee mmoja alikuja amefunga kikoi juu kifuani, anatembea miguu imepanuka kama mtu aliyeshuka punda. Alimwambia binti wa Malindi, rejista wa mwaka wa tatu, kwamba ana miaka anasali nyumbani, maana kusujudu mbele za watu hawezi. Hakumwambia daktari mwanamume, akamwambia yeye. Nililiwekea alama hilo, kwa sababu kuna watu hadi leo wanamuuliza binti huyu daktari mwenyewe yuko wapi.

Sindano ya mgongoni, mkato, maji yakatolewa kwenye jagi la lita mbili nalo halikutosha. Ugumu si kutoa maji, maji yatarudi. Ugumu ni ule mfuko. Kwa busha la matende, kuugeuza mfuko tu hakutoshi, inafaa ukatwe uondolewe, na hapo ndipo damu inapochuruzika polepole bila kelele, kesho yake ukute uvimbe mkubwa kuliko uliouondoa. Binti alikaa dakika ishirini anafunga kila kinachotoka damu, kimoja kimoja. Wa pili pembeni yake, meza ya jirani, alimaliza mapema akajisifu. Usiku tulimrudisha mgonjwa wake meza ile ile.

Safu ya pili: mabusha tisa, ngiri sita, wote watatu tuliokwenda nao wamegawana.

Kwenye basi la kurudi tulisoma utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016. Wanaume 302 wenye ngiri upande wa mashariki ya nchi waligawanywa: nusu waliwekewa wavu wa kuzibia ngiri, ule wa kawaida wa dukani, ghali, na nusu kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka ngiri ilimrudia mtu mmoja tu katika kundi la chandarua, na hakuna katika lile jingine. Dereva, aliyekuwa akisikiliza, akauliza kama ni chandarua hiki hiki cha kuzuia mbu. Ndicho, tukamwambia, ila hakichukuliwi kitandani kwako. Akasema basi chandarua kimewafaa wanaume mara mbili.

Ramadhani, kumi la kati

Zamu zimepangwa upya. Wanaofunga hawakai kwenye kesi ndefu za alasiri kama inawezekana, na asiyefunga anamshikia mwenzake bila kuombwa. Haikuandikwa popote.

Jana haikuwezekana. Kijana wa bodaboda, wengu umepasuka, tumbo limejaa damu, na magharibi ikaadhiniwa mshono ukiwa katikati. Rejista wa mwaka wa tano, mwenyeji wa Lamu, hakuinua kichwa. Nilikuwa nimeingia kuziba pengo la nesi aliyeugua. Nikamimina maji ya tende kwenye kikombe, nikapenyeza mrija chini ya barakoa yake kwa upande, akanywa mafunda matatu macho yakiwa kwenye jeraha. "Ahsante, Sista. Nyuzi, mbili-sifuri." Mwalimu ng'ambo ya meza alikuwa ameweka mikono kifuani. Hakushika kitu. Safu ya pili kwa kanuni, kwa sababu mwalimu alikuwepo, lakini mimi niliyeona ningeiandika ya tatu.

Kisha kaimati na tambi kwenye chumba cha chai, saa nne usiku.

Aprili

Masika. Barabara zinateleza, bodaboda zinaanguka, wodi ya mifupa imejaa hadi veranda. Hakuna jipya la kuandika ila hili: wa Voi, mwaka wa nne, ameosha mifupa iliyovunjika ikatoka nje ya ngozi mara nyingi mwezi huu kuliko mwaka mzima uliopita. Lita baada ya lita za maji ya chumvi, kukata nyama iliyokufa, kuacha wazi, kurudi tena kesho kutwa. Anasema anaota ndoto za kuosha.

Na mgema mmoja aliyeanguka kutoka mnazini. Uti wa mgongo. Tumempeleka kwa wanaoweza.

Mei

Swabu.

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008 yenye vipengele 19, tunaisoma kwa Kiswahili. Vituo vitatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Nilipokuwa thieta niliipigania tangu ilipofika, na hoja yangu ilikuwa moja. Ilipojaribiwa, katika hospitali nane za dunia nzima, mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Si ya Wazungu peke yao. Vifo katika hospitali hizo nane vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa wasiopenda hesabu: karibu nusu.

Jumanne, mwisho wa upasuaji wa tumbo, hesabu ya swabu, vile vitambaa vya kufyonza damu, ilipungua moja. Zinafunguliwa tano tano, zikahesabiwa kwa sauti, zikaandikwa ubaoni. Ubao ulisema ishirini. Ndoo na meza zikasema kumi na tisa. Mpasuaji mkubwa, mtu ninayemheshimu na aliyekuwa na foleni nyingine inamngoja, akasema imehesabiwa vibaya, funga. Kijana wa mwaka wa pili, yule wa tone la ukwaju, alikuwa ameshika kishika sindano. Akakiweka chini.

"Daktari, samahani. Hesabu haijatimia."

Kimya cha thieta mnakijua walioishi humo. Mashine tu. Mpasuaji akamtazama juu ya barakoa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kisha akaingiza mkono tumboni, robo hii, robo ile, chini ya ini, nyuma ya wengu, pelvisi. Hakuna. Tukapekua taka. Ilikuwa ndani ya glavu iliyovuliwa kinyumenyume, imejikunja humo kama barua.

"Ishirini," nesi akasema.

"Funga," mpasuaji akasema, na mlangoni akamgonga kijana begani kwa kiwiko. Hiyo kwake ni hotuba.

Ripoti ya robo haina kisanduku cha haya. Niliandika kesi ngapi, nikatuma.

Juni

Naandika hili polepole.

Mkutano wa vifo na madhara, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, masharti yake ni kwamba hatulaumu mtu, tunafuata kesi. Masharti hayo ni mepesi kuyasema.

Mzee kutoka upande wa Mto Tana aliletwa usiku baada ya safari ya kutwa nzima. Tumbo limejaa kama ngoma, hajapata choo siku tatu. Picha ya eksirei ilionyesha kile ambacho vitabu huita mbegu ya kahawa: utumbo mpana wa chini umejisokota kwenye shina lake, umevimba umejikunja mara mbili. Rejista wa zamu alifanya hatua sahihi. Alipitisha mpira kutoka chini, upepo ukatoka kwa kishindo, tumbo likalala, mzee akasema ahsante. Hii ni tiba inayokubalika kabisa, mradi utumbo haujaanza kufa. Saa nane usiku. Rejista akaandika "amepata nafuu, kuangaliwa asubuhi", akaenda kulala.

Asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Walipofungua, sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa nyeusi. Ilikatwa, na mzee akatoka wodini baada ya wiki tatu na mfuko wa choo tumboni. Yu hai. Kurudi kijijini na mfuko ambao hajui atapata wapi mwingine, hilo nalo ni kesi, na hatukulijadili.

Mwalimu aliuliza maswali mawili tu. "Kati ya saa nane na saa moja, nani alimshika tumbo?" Hakuna. "Na kwa nini hukunipigia?" Rejista akasema, "Sikutaka kukuamsha kwa mgonjwa aliyepata nafuu." Hapo mwalimu akavua miwani, akasema yeye mwenyewe, akiwa mwanafunzi, aliwahi kufokewa kwa kumwamsha mkubwa wake, na kwa miaka miwili baadaye hakuwahi kumwamsha mtu. Hakueleza kilichotokea katika miaka hiyo miwili. Hakuna aliyeuliza.

Tangu Jumatatu kuna karatasi imebandikwa juu ya simu ya wodi, mwandiko wake: "Piga. Nitafoka kesho." Vijana wameipiga picha wakaiweka kwenye simu zao.

Agosti

Wakaguzi wa chuo. Walikuwa wapole na walikula samaki wa kupaka wakarudia. Walitaka kuona thieta, maktaba (kabati moja), logbuku, kumbukumbu za mikutano ya vifo. Niliwapa ya Juni pia. Mmoja aliisoma akiwa amesimama, yote.

Mchana tulikaa kivulini tukapiga hesabu, kwa sababu wakubwa wa kaunti walikuwa wameuliza faida ya kuwalipa watu miaka mitano wakisoma. Hesabu iliyochapishwa 2016 iliwapata wapasuaji 1,690 katika nchi za chuo chetu, sawa na 0.53 kwa kila watu 100,000, na wanawake kati yao ni asilimia 9. Sensa ya 2019 iliipa Mombasa watu 1,208,333. Kwa kiwango hicho kisiwa hiki na bara zake zote zingepata wapasuaji sita na kiporo. Tume ya Lancet, jarida la tiba, ya 2015 ilitaja lengo la wataalamu 20 kwa kila watu 100,000, ukiwajumlisha wapasuaji, wa usingizi na wa uzazi, ifikapo 2030. Kwa mji huu peke yake ni zaidi ya 240. Na wagonjwa wetu hawatoki mji huu peke yake; wanavuka Likoni, wanashuka mabasi ya Malindi na Garsen.

"Na mkishawasomesha wataondoka," afisa mmoja akasema, kama anayejua dunia. Nilikuwa na jibu tayari, nimelihifadhi tangu Januari. Utafiti wa 2017 uliwafuatilia wahitimu 1,038 wa upasuaji wa ukanda huu, wa mwaka 1974 hadi 2013. Asilimia 85.1 walikuwa bado katika nchi waliyosomea. Asilimia 93.4 bado Afrika. Anayesomea nyumbani hubaki nyumbani. Afisa akaandika namba hizo kwenye kiganja cha mkono, sijui kwa nini, karatasi ilikuwepo.

Tumeruhusiwa kuendelea. Wametaka kabati la maktaba liongezwe rafu.

Septemba

Mitihani ya kuandika. Wa Lamu kwa ule mkubwa, wawili wa mwaka wa pili kwa ule wa misingi. Nimewapikia biriani, nikawanyang'anya zamu za usiku wiki nzima, wengine wamezibeba. Sina la zaidi.

Oktoba, wiki ya tatu

Binti wa Malindi anakaribia kufunga hesabu ya mwaka na amepungukiwa. Ana mabusha, ngiri, majipu, mifupa ya kuosha hadi basi, lakini vidoletumbo (apendiksi) alivyovikata mwenyewe ni vichache kuliko vya mwenzake wa mwaka wa tatu. Si kosa lake. Zamu zake hazikuviangukia. Tangu mwanzo wa mwezi anauliza kila akipita mezani kwangu, "Sista, hakuna kidoletumbo?" kama mtu anayeulizia mkate dukani.

Jumatano usiku kikaja. Mtoto wa miaka kumi, maumivu ya tumbo tangu mchana, yamekaa kulia chini, ametapika, ana homa kidogo. Intani alimpigia akiwa amekwisha mwandikia fomu ya thieta. Mtoa usingizi yupo, chumba kitupu, mwalimu amekubali kwa simu. Kila kitu kimepangwa mstari.

Ameniambia mwenyewe kilichofuata, nami nimekithibitisha kwenye faili. Alimwuliza mama, "Mtoto ana ugonjwa wowote mwingine?" Mama akasema, "Ana selimundu, daktari. Hiyo ndiyo inayomtesa, lakini leo ni tumbo." Alisema hivyo kwa kutenganisha, kama ni mambo mawili. Na kumbe maumivu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hukaa popote, mgongoni, miguuni, na tumboni pia, na yakikaa tumboni hujigeuza kidoletumbo hadi mwalimu adanganyike. Kumpa mtoto huyo nusukaputi na kisu bila sababu ni kumtafutia balaa: kiu, baridi, upungufu wa hewa, vyote vinaamsha ugonjwa wenyewe.

Lakini kama ni kidoletumbo kweli, na hutakata, kitapasuka.

Faili lina maandishi yake. Saa tatu na nusu: dripu, dawa ya maumivu, oksijeni, tumbo linauma kulia chini likibanwa, halijakaza, nimempigia mwalimu, tumekubaliana kungoja na kuangalia. Saa tano: tumbo vilevile, mtoto ametulia kidogo, na magoti yameanza kuuma. Saa saba: maumivu yamehamia juu, tumbo laini, nimempigia mwalimu. Saa tisa na robo: amelala, nimemshika tumbo akiwa usingizini, hakukunja uso. Saa kumi na mbili: anaomba chai.

Mara tano, mkono ule ule juu ya tumbo lile lile. Nilipofungua faili asubuhi nilikumbuka saa nane ya Juni na ule mstari mmoja, "kuangaliwa asubuhi". Wote wawili waliacha kisu. Mmoja alilala.

Alipita mezani saa mbili, macho mekundu, viatu mkononi. "Sista, hakuna kidoletumbo," akasema, akacheka, akaenda kuoga.

Nikafungua daftari nimwandikie usiku wake. Alisaidia: hapana. Alikata na mwalimu: hapana. Alikata peke yake: hapana. Kwa logbuku ya mtandaoni na kwa kisanduku cha ripoti, mtu huyu hakufanya kazi usiku kucha. Nilichukua rula na penseli, nikapiga mstari wa nne upande wa kulia, ukurasa mzima, nikaandika juu yake: hakukata. Chini, tarehe, mara tano, saa zake.

Oktoba, mwisho

Mwalimu ameiona safu. Akauliza itapimwaje, maana kila mvivu atasema hakukata. Nikamwambia asiyeandika saa haingii. Amekubali iwe ya penseli.

Wa Voi amekuja kimya kimya kuomba nimwandikie moja ya Septemba. Nilimwuliza saa. Alikuwa nazo.

Desemba

Wa Lamu alisafiri kwa mtihani wa mdomo na wa wagonjwa. Siku ya pili alituma ujumbe mfupi saa kumi jioni: "Sista, wamenipa utumbo uliojisokota. Wameniuliza baada ya mpira nafanya nini." Hakuandika alijibu nini. Amepita. Anavaa joho Ijumaa, mama yake amekwenda kumwona, mara ya kwanza kupanda ndege, amebeba halua.

Wa mwaka wa pili, mmoja amepita. Yule wa swabu ameanguka kwa alama chache kwenye karatasi ya kuandika, atarudia. Alikuja akasimama mlangoni, nikamwambia aingie akae. Alikaa. Tulikunywa chai bila kusema sana. Akaniuliza kama atashushwa zamu. Hatashushwa, mpasuaji mkubwa, yule yule wa kiwiko, amemwomba awe kwenye timu yake Januari, kwa jina.

Ripoti ya mwaka nimeijaza. Chini ya "Mafanikio": mpasuaji mmoja amehitimu, mmoja amevuka misingi, kesi jumla yake, kibali kimeongezwa. Nilitaka kuongeza mstari wa tano, kisanduku kikakataa, hakina nafasi. Nimeuandika kwa mkono pembeni baada ya kuichapisha, kisha nikaipiga picha nikaituma hivyo hivyo. Wakiuliza watauliza.

Wapya wawili wanaingia tarehe tano Januari. Nyuzi za mazoezi zimebaki pakiti nne. Nimepita Marikiti kumwekea oda yule bwana. Utumbo umepanda bei, anasema ni sikukuu, lakini kwa madaktari wa Bi atakata shilingi hamsini, kwa sharti siku moja aje aone wanavyoupika.

Nimemwambia aje Alhamisi ya wiki ya nne. Alete na ukwaju.